Mashindano ya Kutengeneza Programu za Wavuti

Mashindano ni jambo la zamani katika shule. Wako washindanao kwa kukimbia, wako washindanao kwa kuimba, na wengine hushindana kwa hesabu au kwa insha. Katika hayo yote mtazamaji huona kinachotendeka: mkimbiaji hutoka jasho, na mwimbaji husikiwa sauti yake. Lakini siku hizi yako mashindano ya namna nyingine. Ukipita dirishani utawaona watoto wanne au watano wameinama mbele ya kompyuta moja. Hawasemi neno, ila mara mmoja huguna, mwingine hucheka, na wa tatu hufuta alichoandika mwenziwe. Usidhani kwamba wanacheza. Wanatengeneza programu ya wavuti, na kazi yao itatazamwa na waamuzi walio mbali, pengine ng'ambo ya bahari, ambao hawajapata kuwaona kwa macho.

Katika somo hili tutajifunza programu hiyo ni kitu gani, mashindano yake huendeshwa namna gani, na mtoto atakaye kuingia yampasa kujua nini kabla hajaandikisha jina lake.

Programu ya wavuti ni nini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukurasa wa kawaida wa tovuti ni kama ubao wa matangazo ulio mlangoni pa ofisi ya shule. Waufikia, wausoma, waenda zako. Ubao haukuulizi jina wala haukumbuki kwamba ulikuja. Programu ya wavuti ni kama karani aketiye nyuma ya dirisha la posta. Wamwambia haja yako, naye hufungua daftari, hutafuta, huandika, hujumlisha, kisha hukujibu wewe. Na ajaye nyuma yako hupata jibu lake mwenyewe. Mtu aandikapo namba yake ya mtihani katika simu akaonyeshwa maksi zake peke yake, ametumikiwa na karani wa namna hiyo.

Sasa karani huyu hufanyaje kazi? Katika simu au kompyuta yako imo programu iitwayo kivinjari. Ubonyezapo kitufe, kivinjari hupeleka ombi kwa njia ya intaneti mpaka kwenye kompyuta nyingine iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kungoja maombi usiku na mchana. Seva husoma ombi, na ikihitaji habari zilizowekwa huiuliza hifadhidata. Hiyo ndiyo daftari la karani wetu, na wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jibu likipatikana hurudi kwa kivinjari, nacho hulichora mbele ya macho yako. Safari hiyo, kwenda na kurudi, mara nyingi haimalizi sekunde moja, hata kama seva iko Ulaya.

Mwanzilishi wa wavuti ni Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi CERN, mahali pa utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva. Wataalamu wa huko walitoka nchi nyingi, na kompyuta zao hazikuwa za namna moja, hata habari za mmoja zikawa taabu kufikiwa na mwingine. Ndipo alipotoa shauri la kuziunganisha habari hizo kwa viungo, ili mtu asomapo jambo moja aweze kuruka mara moja mpaka jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 1990 seva ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi, nayo ilibandikwa karatasi ndogo yenye maneno ya wino mwekundu kuwaonya watu wasiizime. Hebu fikirini: siku zile mtu mmoja kwa kidole kimoja angaliweza kuizima wavuti yote ya ulimwengu! Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuutumia uvumbuzi huo bila malipo. Kwa ajili ya tangazo hilo mtoto wa Kisumu au wa Songea aweza leo kutengeneza programu yake pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Lugha ziandikwazo na watengenezaji ni nyingi, lakini tatu hazina budi kujulikana. Zifananisheni na nyumba ya miti. HTML ni nguzo na fito: husema hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kifungu cha maneno, hapa pana kitufe. CSS ni udongo na chokaa: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. JavaScript ndiye mwenyeji aitikaye hodi. Ukibonyeza kitufe ni yeye ajibuye. Lugha hii ilitungwa mwaka 1995 na Mmarekani aitwaye Brendan Eich kwa muda wa siku kumi, na watengenezaji hata leo hunung'unika juu ya kasoro zilizoingia katika siku hizo kumi. Upande wa seva hutumika lugha nyingine, kama Python na PHP.

Mashindano yenyewe

Mojawapo ya mashindano ya mwanzo ya namna hii yaliitwa ThinkQuest, nayo yalianza Marekani mwaka 1996. Wanafunzi walifanya vikundi vidogo, kila kikundi na mwalimu wake, wakatengeneza tovuti za kuwafundisha wanafunzi wenzao. Kazi hizo ziliwekwa pamoja katika maktaba moja kwenye intaneti, zikasomwa na watoto wa nchi nyingi. Baadaye mashindano hayo yaliangaliwa na wakfu wa elimu wa kampuni ya Oracle, mpaka yalipofungwa mwaka 2013.

Mengine, ambayo yako hata sasa, ni ya Technovation. Yalianza California mwaka 2010 kwa ajili ya wasichana. Wanaoingia ni wa miaka 8 hata 18, nao hugawanywa kwa rika, ili mtoto wa miaka 10 asipimwe pamoja na dada yake wa miaka 17. Kikundi hakizidi watu watano, wala hakitozwi ada. Huagizwa kutazama taabu iliyoko mahali wakaapo, kutengeneza programu ya simu au ya wavuti ya kuipunguza, na kupeleka programu hiyo pamoja na filamu fupi ambamo wenyewe hueleza kazi yao. Wavulana wasomao habari hizi wasinune. Yako mashindano mengine yawapokeayo wote, na kazi itakiwayo ni ile ile.

Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls, nchini Kenya, waliingia katika mashindano ya Technovation. Walijiita Restorers, yaani Warejeshaji. Taabu waliyoichagua haikuwa nyepesi. Katika makabila kadhaa desturi ya kuwakeketa wasichana ilikuwa haijakoma, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaikataza. Kwao Waluo desturi hiyo haiko, lakini walikuwa na rafiki waliotendwa hivyo, na jambo la rafiki si jambo la mbali. Programu yao waliiita i-Cut. Waliikusudia ili msichana aliye hatarini abonyeze kitufe, habari zake ziwafikie watu wa kumwokoa. Na yule aliyekwisha kutendwa aonyeshwe njia ya matibabu na ya sheria.

Mwaka ule kikundi chao ndicho pekee kilichotoka Afrika kwenda California kwenye mashindano ya mwisho, yaliyofanywa katika ofisi kuu ya Google. Zawadi kuu ya rika lao ilichukuliwa na wasichana wa Kazakhstan. Walakini habari za Restorers hazikukoma hapo. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwataja miongoni mwa waliofikia hatua ya mwisho ya tuzo ya Sakharov, ambayo hupewa watu wateteao haki za binadamu na uhuru wa mawazo. Mimi nikiwafundisha watoto habari hizi huwauliza: je, walipata nini waliokwenda mbali hivyo na kurudi bila zawadi kuu? Majibu yao huwa mengi, nami huyaacha yote ubaoni.

Tena msifikiri kwamba programu iliyofanywa na watu wachache kwa haraka haiwezi kukua. Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, watu wachache walitengeneza kwa siku chache programu ya wavuti, wakaipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Aliyeona jambo aliweza kupeleka habari kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani mahali zilipotokea. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti, mbali kabisa na Nairobi, baada ya tetemeko kubwa la ardhi.

Tutengeneze mfano mmoja

Tuseme ninyi watano mmeazimu kuingia katika mashindano. Mtaanzia wapi? Wengi huanza kwa kufungua kompyuta, na hapo ndipo wapoteapo. Anzeni kwa miguu. Zungukeni shule, nendeni sokoni, zahanatini, kisimani. Mwulizeni kila mtu ni jambo gani limpotezealo muda. Msimwulize kama anataka programu, maana kwa adabu atawaambia ndiyo.

Haya, tuseme mmekuta kwamba vitabu vya maktaba ya shule hupotea. Mwalimu wa maktaba huandika katika daftari jina la kila aazimaye, lakini kurasa za daftari zimekuwa mia mbili, na akitaka kujua kitabu fulani kiko kwa nani hana budi kufunua nyingi sana. Basi iandikeni taabu hiyo kwa sentensi moja: Mwalimu wa maktaba hawezi kujua upesi kitabu kiko kwa nani. Sentensi hiyo ibandikeni ukutani. Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama; na vikundi vingi vilivyokwama katika mashindano haya vilikuwa vya wajenzi wasiohesabu. Walitaka programu moja iazimishe vitabu, iuze sare, ipige kengele na kutabiri mvua. Kila wazo jipya likija, litazameni lile karatasi la ukutani. Kama halimsaidii mwalimu wa maktaba, liwekeni mwaka ujao.

Sasa chukueni karatasi na kalamu ya risasi, mchore kila ukurasa wa programu kama utakavyoonekana. Karatasi hufutika kwa raba. Msimbo uliokwisha kuandikwa mtu huuonea huruma, hauachi hata ukiwa mbaya. Ukurasa wa kwanza wahitaji nini? Sanduku la kuandikia jina la kitabu, na kitufe cha kutafuta. Wa pili huonyesha kitabu na mahali kilipo. Wa tatu ni wa kuandika uazimaji. Kurasa tatu zatosha.

Kisha fikirini daftari, yaani hifadhidata, maana hapo pana akili kuliko penginepo. Twahitaji majedwali mawili. La kwanza ni la vitabu: namba ya kitabu, jina lake, na mwandishi. La pili ni la uazimaji: namba ya kitabu, namba ya mwanafunzi, tarehe ya kuazima, na tarehe ya kurudisha. Mtauliza, kwa nini jedwali la pili lisitaje jina la kitabu, likataja namba? Shule ikiwa na nakala 40 za kitabu kimoja cha hesabu, jina halitakwambia ni nakala ipi iliyopotea. Namba ndiyo itenganishayo nakala na nakala, kama vile namba ya mtahini itenganishavyo watoto wawili waitwao kwa jina moja. Na tarehe ya kurudisha ikiwa tupu, maana yake kitabu bado kiko nje. Basi lile swali la mwalimu, kiko kwa nani, limekuwa jepesi: itafute namba ya kitabu katika jedwali la pili, kwenye mstari ambao tarehe ya kurudisha haijaandikwa. Kompyuta itafanya hivyo kwa mistari elfu kumi kabla hujapepesa jicho.

Mkigawana kazi, mmoja aandike kurasa, mwingine hifadhidata, wa tatu aunganishe kurasa na seva, wa nne ajaribu kila kitu akitafuta kosa, na wa tano aandike maelezo na kutayarisha filamu. Lakini asiwepo mtu ambaye yeye peke yake ajua sehemu fulani. Mtoto hodari akishikwa na malaria wiki ya mwisho, je, wenziwe watafanyaje? Kila Ijumaa mwelezane. Tena wekeni nakala ya kazi yenu mahali pawili. Watengenezaji wengi hutumia programu iitwayo Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Nayo hutunza kila badiliko, hata ukiharibu jambo leo waweza kurudi kwenye hali ya jana.

Kosa halikosekani. Katika JavaScript au Python ukisahau mabano moja, programu hukataa kwenda. Kompyuta haina huruma wala haina hasira. Hukwambia tu mstari uliyo na shida, na mara nyingine shida yenyewe iko mstari wa juu yake. Usibadilishe mambo matano pamoja ukitumaini kwamba moja litaponya. Badilisha moja, jaribu, tazama.

Yako makosa mengine ambayo kompyuta haitayasema kamwe, nayo hugunduliwa na mgeni tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwiteni mtoto wa darasa la nne, mpeni simu, mwambieni atafute kitabu cha hesabu, kisha nyamazeni. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko yote. Tuseme mtoto ameandika hesabu kwa herufi ndogo, na programu imemjibu kwamba kitabu hakipo, kwa kuwa ninyi mliandika Hesabu kwa herufi kubwa. Kwa mtu maneno hayo ni moja. Kwa kompyuta ni mawili, mpaka uifundishe kuyahesabu kuwa moja. Kosa hilo ninyi watano msingaliliona hata kwa mwezi, maana vidole vyenu vimezoea njia. Msimcheke mtoto, wala msimwambie amekosea. Programu ndiyo iliyokosea.

Ijaribuni pia katika simu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka, mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Picha moja ya megabaiti 5 ina uzito wa picha 100 za kilobaiti 50, na anayelipia uzito huo ni mwenye simu, kwa bando lake. Waamuzi wakiwa na mtandao mwema hawatauona mzigo huo. Mwalimu wenu wa maktaba atauona kila siku.

Majina ya watu

Hapa nataka mkae kidogo, maana jambo hili hupitwa upesi na vikundi vingi. Programu yenu itajua nani ameazima kitabu gani. Yaonekana ni jambo dogo, walakini mtoto aliyeazima kitabu cha habari za ugonjwa fulani pengine hataki darasa zima lijue. Programu ya wale wasichana wa Kisumu ilikuwa na mzigo mzito kuliko huo: kama jina la msichana aombaye kuokolewa lingalionwa na mtu asiyestahili, kitufe cha kumwokoa kingalikuwa kitufe cha kumsaliti. Kwa hiyo kila habari mnayotaka kuiandika, jiulizeni kwanza kama yahitajika. Tarehe ya kuzaliwa yafaa nini katika maktaba? Haifai kitu, iacheni. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022, na habari za watoto zataka uangalifu kuliko za wakubwa. Mnapowaonyesha waamuzi, tieni majina ya kubuni, wala si ya watoto wa shule. Na neno la siri lisiwekwe katika hifadhidata jinsi lilivyo, bali ligeuzwe kwanza kwa njia ambayo hata ninyi mlioitengeneza programu hamwezi kulisoma.

Kazi ya nani?

Katika mashindano ya mbio hakuna awezaye kukimbia kwa miguu ya mwingine. Katika mashindano haya yawezekana, ndiyo maana kanuni zake husema sana juu ya jambo hili. Msimbo mwingi umewekwa kwenye intaneti na wenyewe kwa leseni ya kuutumia bure, na kuutumia si wizi. Wizi ni kuutumia na kuficha ulikotoka. Andikeni wazi: sehemu hii tumeichukua mahali fulani, hii tumeiandika sisi.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotoka ChatGPT, ziko programu za akili bandia ambazo ukiziomba zitakuandikia msimbo mzima kwa dakika moja. Mashindano mengine huruhusu kuzitumia mradi useme umezitumia wapi, na mengine huzikataza. Someni kanuni za mwaka wenu. Lakini hata ziporuhusiwa, mtajibuje mkiulizwa kwa nini mmetumia namba ya kitabu badala ya jina? Aliyeufikiri msimbo hujibu mara moja, tena kwa furaha. Aliyeuokota hutazama dari.

Na mwalimu je? Nina neno kwa walimu wenzangu wasomao pamoja na watoto. Ni chungu kumtazama mtoto akihangaika saa nzima kwa ajili ya alama moja ya nukta, nawe umeiona tangu mwanzo. Mikono yako iweke nyuma ya mgongo. Uliza tu, mstari huu wasema nini? Waamuzi waliozoea hutambua upesi msimbo ulioandikwa na mtu mzima, na mtoto naye hujua, hata akipewa cheti, kwamba cheti kile si chake.

Siku ya kupeleka

Vikundi vingine hutengeneza vizuri kisha hukosa kwa ajili ya saa. Ikiwa kanuni zasema mwisho ni usiku wa manane kwa saa za California, hesabuni. Afrika Mashariki iko mbele ya California kwa saa 10 katika miezi ya joto ya kwao, na kwa saa 11 katika miezi ya baridi. Basi usiku wa manane wa huko, katika miezi ya joto, kwetu ni saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Tena kumbukeni kwamba sisi twahesabu saa tangu mapambazuko, na wao tangu usiku wa manane. Mtoto mmoja aandike saa zote mbili kwenye karatasi, na mwingine azihakikishe. Wala msingoje siku hiyo. Umeme hukatika, na filamu huchukua muda mrefu kupanda kwenye mtandao dhaifu. Pelekeni siku mbili kabla.

Filamu yenyewe iwe ya maneno machache. Waamuzi huwa na kazi nyingi za kutazama. Anzeni na mwalimu wa maktaba na daftari lake la kurasa mia mbili. Waonyeshwe akifunua kurasa, kisha waonyeshwe kitufe na jibu. Semeni kwa sauti ya kawaida, si ya kukariri. Kama programu yenu haijaweza jambo fulani, semeni haijaweza.

Baada ya mashindano

Liko swali ambalo kanuni nyingi hazilikazii: nani atairithi programu? Seva hulipiwa, na jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Asipolipa mtu, karani huondoka dirishani. Maktaba ya ThinkQuest, pamoja na wakubwa walioitunza, iliondolewa mwaka 2013, na kazi nyingi za watoto hazionekani tena mahali pake. Kwa hiyo, kabla hamjaondoka shuleni, andikeni daftari moja la mkono: neno la siri limewekwa kwa nani, nakala ya hifadhidata hufanywaje, na kosa gani limebaki. Mkabidhini mwalimu wa maktaba pamoja na watoto wawili wa darasa la sita, nao waifungue programu mbele yenu, waazimishe kitabu kimoja, wakipokee tena, huku ninyi mmesimama kando.

Maswali

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya ubao wa matangazo na karani wa posta, kama ilivyotumika katika somo hili.
2. Kwa nini jedwali la uazimaji hutumia namba ya kitabu, wala si jina lake?
3. Wasichana wa Kisumu walichagua taabu ambayo haikuwapata wao wenyewe. Je, walikuwa na haki ya kuichagua? Toa sababu.
4. Mashindano yatafungwa usiku wa manane kwa saa za California, mwezi wa Mei. Kwenu itakuwa saa ngapi, na siku gani?
5. Zungukeni mahali mkaapo kwa siku tatu. Andikeni taabu moja kwa sentensi moja, na jina la kazi ya mtu aliyewaambia, lakini si jina lake.